Tulimwandikia askofu kuhusu padre, kisha nikamsomea padre huyo risala ya shukrani

Wakuu, salaam kutoka Voi.

Naona kwenye ule uzi mwingine mnabishana kama askofu aliyepuuza malalamiko juu ya padre anafaa kujiuzulu. Mimi nina langu, na nitalisema vile lilikuwa, hata pale linaniaibisha. Majina nimebadilisha. Parokia na jimbo niachieni.

Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ya kanisa. Jirani yangu Mama Wakesho, anayeuza mboga za Werugha, alikuja kwangu analia. Padre alikuwa amemkosea binti yake, mwanafunzi wa Form Two, muimbaji wa kwaya. Yaliyompata ni yake, siyaandiki hapa.

Mama alitaka kitu kimoja tu: huyo mtu asikae tena karibu na watoto.

Tukamwandikia askofu. Niliandika mimi kwa mkono, maana mwandiko wangu wanausifu sana (majivuno haya!). Nikaipeleka ofisini mwenyewe, copy yangu ikagongwa stamp. Polisi? Hatukuwaza kabisa. Tulidhani mambo ya kanisa yanamalizwa kanisani.

Miezi kadhaa, kimya. Halafu Jumapili moja tukatangaziwa padre amepata transfer. Wakuu, nilifurahi! Nikasema askofu ametusikia.

Na mnatujua sisi. Padre akihama lazima afanyiwe send-off, na kila jumuiya ilete zawadi na risala. Yetu ilikuwa mbuzi. Risala nikapewa mimi.

Nikaandika, "Baba mpendwa, umetulea kama wanao." Nikasoma kwa mic, vigelegele kila upande.

Mama Wakesho alikuwa jikoni anapakua pilau. Jina lake lilikuwa kwa orodha ya zamu, na sisi viongozi hatukufikiria hata kumtoa. Hiyo bado inaniuma.

Baadaye alinikuta kwa tangi la maji. Hakupiga kelele.

"Katibu, umeiandika na mkono ule ule?"

Nikajifanya nanawa.

"Huko anakoenda, wameambiwa?"

Nikasema lazima askofu amewaambia.

"Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Kesho yake nikampigia katekista wa parokia ile mpya. Hakujua lolote. Aliniambia wanajiandaa kumpokea, na kwamba amepangiwa kusimamia vijana. Nikajikuta nimesema wallahi, na mimi ni Mkatoliki!

Tukaenda polisi na ile copy. Afisa akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamtajia mwezi, Mama Wakesho amekaa pale kando yangu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Kesi iko kortini, sitaiongelea. Wakesho amerudi shule. Kwaya ameacha.

Sasa maoni yangu. Kuna wanaosema askofu ni binadamu, pengine alishauriwa vibaya. Sawa. Lakini barua ilimfikia, akaamua kuhamisha mtu bila kuwaambia wale anaowapelekea. Aachie kiti. Si kwa kumkomoa. Mama mwingine akibeba barua kama ile, aipeleke kwa nani na aamini itasomwa?

Mimi ukatibu niliacha wiki hiyo hiyo. Wenzangu walinibembeleza, wakasema sina kosa. Ninalo, na nimejifunza kwamba "lazima wameambiwa" si jibu, ni uvivu.

Mnaomtetea askofu karibuni, sitamtukana mtu. Ila kabla hujaandika nijibu hili: kama ile parokia mpya ingekuwa yako, na binti yako yuko kwaya, ungetaka nani akwambie?