Ngitili ya Mama Haikatwi

Baba alipofariki, mnunuzi wa miti kutoka Mwakitolyo hakungoja hata matanga yaishe vizuri. Kule machimboni wanahitaji magogo ya kushikilia kuta za mashimo yasiporomoke, na miti yetu ilikuwa imenyooka.

Ilikuwa ndani ya ngitili, malisho ambayo ukoo wetu hufunga kipindi chote cha mvua na kufungua kiangazi kwa ajili ya ndama na maksai. Iko nje kidogo ya Tinde. Nusu ilikuwa ya baba, nusu ya mdogo wake. Baba mdogo alitaka miti ya nusu zote mbili iuzwe pamoja.

"Shemeji, mvua zenyewe siku hizi hazieleweki," alimwambia mama. "Udongo umekufa. Unalinda nini?"

Mama alinitazama. Mimi nafundisha biolojia sekondari, naishi Ngokolo, na kila nikienda nyumbani yeye hunichukulia kama wakili wake.

Nikasema udongo wa ngitili haujafa. Baba mdogo akacheka. Basi mvua zilipoanza, nilichana shuka kuukuu la pamba. Kipande kimoja nikakifukia ndani ya ngitili, kingine shambani kwa baba mdogo, ambako kila mwaka mabua huchomwa moto. Nilimwita aone.

Mvua zilipokwisha tukafukua mbele ya ndugu. Kipande cha shambani kilitoka kichafu lakini kizima, ungeweza kukifua ukakitumia. Cha ngitili kilibaki nyuzi nyuzi.

"Mchwa," akasema baba mdogo.

"Mchwa wapo kote, baba. Hapa kuna bakteria na kuvu pia, hawaonekani kwa macho. Hao ndio wanaogeuza majani kuwa udongo. Kwako wanaunguzwa, na chakula chao kinaunguzwa."

Swali gumu aliuliza mama, siyo yeye. "Kama wanakula hivyo, kinabaki nini?"

Sikumdanganya. Nilimwambia sehemu ya wanachokula wanaipumua, inarudi angani kama hewa ukaa. Sehemu nyingine inabaki: wanakufa, miili yao inashikamana na udongo, na ndiyo hiyo inayoutia weusi na kushika maji. Joto likizidi na unyevu ukiwepo, wanakula na kupumua haraka zaidi. Tukiacha kuwapa majani na mizizi, watamaliza hata akiba ya zamani, na kaboni iliyokaa chini miaka mingi itaondoka.

"Kwa hiyo joto linatushindanisha nao."

"Ndiyo, mayu," nikamjibu mama.

"Basi tutawalisha," akasema, akanyanyuka kwenda kufungulia mbuzi.

Kikao hakikubadilisha kitu. Baba mdogo aliuza nusu yake, na mnunuzi akaamua, kwa kuelewana naye au kwa ujanja wake, kwamba mpaka haujulikani. Asubuhi moja ya Jumamosi trekta lilifika na wakataji. Mama alikwenda kusimama kwenye mwanya wa uzio, mimi pembeni yake.

Msimamizi wao alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa geuza trekta."

"Mama, tumeambiwa ukoo umekubali."

"Ukoo hauna saini yangu. Huo mti wenye alama ndio mpaka, aliupanda baba mkwe wangu. Ukivuka hapo, umeiba, na majirani wote hawa ni mashahidi."

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea, wengine na fimbo za kuchungia. Kijana alipiga simu, akasikiliza, akapiga tena. Kisha akaliingiza trekta upande wa baba mdogo. Walikata huko hadi jioni. Mama hakuondoka pale uzioni, akala viazi vitamu akiwa amesimama.

Mvua zilizofuata zilichelewa, halafu zikaja kwa fujo. Upande uliokatwa, maji yalishuka mekundu na kuacha luseni, mchanga usioshika kitu. Upande wetu yalizama. Sisemi ngitili moja itapoza dunia. Joto linaongezeka, na hata kwetu nyasi zilikauka mapema. Nilichokataa ni kuambiwa kwamba kwa sababu dunia inaharibika, nasi tumalizie kilichobaki.

Kiangazi kile baba mdogo alikuja na ndama wake, mbavu zote nje. Hakutaja miti. Mama alimwacha asimame kidogo, kisha akafungua uzio.

"Waingie. Ila samadi yote ibaki humu ndani. Usije na toroli kuizoa."

"Hata kidogo, shemeji?"

"Hata kidogo. Na mabua yako mwaka huu usichome, niletee mimi kama huyataki."

Aliingiza ndama. Msimu huo hakuchoma. Hakutuletea mabua pia. Aliyaacha yalale shambani kwake, na mama akasema hapo hapo yalipo ndipo panapofaa.