Mkono wa Drafti

Mimi ni mtu wa drafti. Nimekulia Magomeni barazani, kwenye kete za vizibo vya soda, na drafti ina sheria moja isiyo na huruma: ukiona cha kula, unakula, utake usitake. Kwa hiyo nilipojifunza chesi ukubwani, mkono ulikuja na mazoea yake.

Kila Jumamosi, nje ya karakana yangu ya rediata pale Gerezani, timu yetu inacheza chesi na wenzetu wa Kariakoo. Mzee wao mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa, akipewa kete nyeusi hana ufunguzi mwingine ila ule uitwao Kifaransa. Unasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, yeye wake anamsogeza moja tu. Unaweka wa pili pembeni yake, naye anakuletea wake katikati, aliwe. Nami nilikuwa nakula. Tulikuwa tunatoka sare, lakini wenzangu walinicheka mpaka basi: huyu drafti haijamtoka, huku kula si lazima bwana!

Nikaona haya. Nikasoma kwenye simu, nikaanza kumsukuma askari mbele badala ya kula. Weee! Mzee alinifunga Jumamosi tatu mfululizo. Nahodha wetu, fundi breki jirani yangu, akanipasulia: nikifungwa tena, kiti changu anapewa mwingine. Roho iliniuma, maana kile kiti ndicho nilichokuwa nakingoja wiki nzima. Nikajikasirikia mwenyewe. Nilipokula sikufungwa hata mara moja, sasa nilikuwa naona haya ya nini?

Jumamosi iliyofuata nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza. Alipoleta askari wake, nikala. Nyuma yangu watu wakaguna. Mzee naye akala, kati pakafunguka, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Tulikulana hadi wakabaki wafalme na askari wachache, kahawa yake imepoa pembeni. Akanipa mkono, sare.

"Siku ile ulipoacha kula," akaniambia taratibu, "mimi nilimshukuru Mungu."

Kwetu aliyefungwa husimama kumpisha mwingine, na kwa zile Jumamosi tatu miguu ilishazoea. Nikajikuta nainuka. Nahodha akanishika bega.

"Kaa."

Nikakaa.