Vyumba Viwili vya Katikati

Miaka michache kabla ya Mapinduzi walikuja Pemba watu wa kutafuta mafuta chini ya ardhi. Mashine yao ilichimba mbali na mji, lakini nyumba yao ya kazi ilikuwa hapa Wete, juu kilimani, na mpishi wao alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama.

Mie wakati huo nilikuwa nimeachwa. Mimba mbili ziliniharibikia, mume akachoka kungoja, nikarudi kwa mama. Nilishinda ukumbini nikishona kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, na sikutaka maneno na mtu. Siku moja mjomba akaenda kazini na kofia niliyomshonea. Mzungu wa nyumba ile, mwembamba mwenye miwani mizito, akamwomba aivue, akaiinua dirishani na kuvitazama vitundu vyake kimoja kimoja.

"Anamtaka aliyeishona," mjomba alimwambia mama jioni ile. "Anasema macho yake yeye yamechoka."

"Kwa kazi gani?"

"Kuchambua mchanga."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akakubali, ila kwa sharti: mlango ubaki wazi, na mjomba asitoke nyumba ile ya kazi nikiwa mle.

Mchanga wenyewe ulitoka ndani ya kisima cha mashine, umefungwa katika vifuko vidogo, na kila kifuko kimeandikwa kina chake. Nilimwaga chembe kidogo juu ya sahani nyeusi, nikainama kwenye hadubini. Nakumbuka nilishika ukingo wa meza. Niliona kama nimeinamia mji mweupe ulioachwa na watu wake, kimya, jua limeuangukia. Yale niliyoyadhani mawe yalikuwa magamba ya viumbe wadogo wa bahari ya kale, na kila gamba lilikuwa limejengwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwaokota kwa ncha ya brashi iliyolowa. Wengi walikuwa wa jamii moja yenye jina refu, Lepidosiklina, nikalitamka mpaka likazoea kinywa changu. Wakubwa wao walikuwa kama punje ya dengu: pembeni wembamba, katikati wametuna kama kitumbua. Yule bwana alikuwa amejifunza Kiswahili Tanga, akisema polepole kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Alinifundisha kumgandisha mmoja juu ya kipande cha kioo na kumsaga kwa kidole, kwa maji na unga mkali wa kusagia mawe, hadi nusu yake iishe.

"Juu na chini," aliniambia, "vyumba vimepangwa kama matofali, na nguzo katikati yao. Hivyo visage. Ukifika kati utakuta safu moja tu ya vyumba, inazunguka. Na katikati ya safu hiyo viko vyumba viwili vya mwanzo. Pale ndipo maisha yake yalipoanza. Hivyo viwili ndivyo vinavyotuambia yeye ni nani."

Kwa wengine vyumba hivyo viwili vilikuwa sawa, vimeegemeana. Kwa wengine cha pili kilikuwa kikubwa, chenye umbo la figo, kimemkumbatia mwenzake upande mmoja. Na wako ambao cha pili kilikizunguka cha kwanza pande zote, kikakifungia ndani kabisa. Hawa waliozungushwa walikwisha mapema, alisema, na wenye kukumbatia wakaendelea kuishi baada yao. Kwa hiyo ukijua ni yupi, unajua jiwe ni la zama zipi.

Sikumwambia mtu yeyote jinsi vile vyumba viwili vilivyonikaa moyoni. Nilirudi nyumbani adhuhuri, nikajilaza mkekani, na nikifumba macho nilikuwa natembea ndani yake, ukuta hadi ukuta, kila chumba na mwanga wake wa maziwa. Ulikuwa usingizi mzuri. Nilikuwa sijalala hivyo tangu nilipoachwa.

Siku moja nilimkuta bwana anaandika barua ya kupeleka Ulaya, kueleza jiwe la kisima ni la zama zipi. Kando yake palikuwa na kioo alichokisaga mwenyewe, kimeandikwa kwamba ni yule wa kuzungushwa. Nilimtazama yule kiumbe kwa hadubini, nikamtazama tena.

"Bwana, huyu bado hujafika kati."

Akageuka. "Vipi?"

"Umemsaga mshazari. Upande huu ni safu ya kati, lakini upande ule bado ni yale matofali ya juu. Huo ukuta unaouona umefunga, mie naona ni dari tu."

Alitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni mmoja tu kutoka kina kile. Ukizidisha, hatunaye tena."

"Basi tumwache."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akanisogezea kioo. Nikasema bismillahi, nikaweka kidole. Nilisaga kidogo, nikaosha, nikatazama. Nikasaga kidogo tena. Mara ya sita ukuta ukaachia upande mmoja, taratibu, na chumba cha kwanza kikaonekana kimekumbatiwa tu, hakikufungiwa.

Bwana alitazama. Akaichana barua. Akanipa kalamu niandike mwenyewe nilichokiona, nami nilijua herufi za Kiarabu tu, za chuo cha Kurani. Nikaandika: *amekumbatia*. Kioo kile kilikwenda Ulaya na neno hilo.

Mafuta hayakupatikana. Walipoanza kufunga masanduku nilimleta mama aone kabla hadubini haijaondoka. Alivua ukaya wake wa kichwani usimzuie, akainama.

"Subhanallah," alisema. Kisha, "Yu hai huyu?"

"Alikufa zamani, mama. Kabla hatujakuwapo watu."

"Basi niache nimtazame kidogo."

Alimtazama mpaka mjomba akaja kutuambia gari limefika.

Mwaka uliofuata niliolewa tena, kisiwani Makoongwe, na mtu mpole aliyefiwa na mkewe. Asubuhi moja maji yalipokuwa yametoka nilichutama pwani, nikang'oa jani la mwani na kuligeuza juani. Bwana yule aliwahi kuniambia kwamba jamaa wa mbali wa viumbe wale wako hai mpaka leo, wamejishika kwenye majani ya baharini. Vilikuwapo, vidoti vyeupe, vingi.

"Unatafuta nini?" mume wangu aliuliza.

Nilianza kumweleza habari za vyumba. Hakucheka. Alikunja shuka yake, akachutama karibu nami, akasema, "Nionyeshe."