Nyasi Zilizopumua Siku ya Sabato

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni kwa adabu, maana aibu hii ilinipata nikiwa nimevaa tai mbele ya kanisa zima, na mpaka leo nikipita sokoni Nyansiongo kuna akina mama wanaoniuliza kama nimebeba ndoo ya maji.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuzurura (Naivasha, Kitale, Garissa, kote nimefanya kazi na kote nimeliota bonde letu), nikafikia kwa dada yangu Kwamboka, mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Malisho hana. Alikuwa amepanda nyasi za kukausha kule chini bondeni, na kwetu mvua haitoi nafasi, kiangazi chenyewe cha kukaushia ni zile wiki chache baada ya Krismasi, kwa hiyo nyasi zikiharibika ng'ombe mmoja lazima auzwe.

Tulifyeka Jumatano. Ijumaa alasiri mawingu yakaanza kujikusanya, na kwetu Wasabato siku ya Sabato huingia Ijumaa jua likizama, kumaanisha hakuna mtu angegusa nyasi mpaka kesho yake jioni. Kwamboka aliokota shina, akalipinda, halikuvunjika.

"Bado zina maji. Ziache, Nyakundi. Zikinyeshewa tutazianika tena."

"Dada, mimi nimefunga nyasi Naivasha, na matrekta!"

"Naivasha kuna jua. Hapa tunaomba."

Sikusikia. Nilizishindilia kwenye sanduku la mbao, nikazifunga marobota kwa kamba, nikayapanga ndani ya stoo iliyopakana na zizi, na robota la mwisho likaingia jua likigusa kilima. Mvua ilipoanza kupiga mabati nilijiona mwanamume kweli.

Wiki nzima nilijisifu. Sabato iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama (hakuna aliyeniita) nikamshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kuokoa nyasi za dada yangu. Watu wakaitikia amina. Kabla sijaketi, mlangoni akatokea Mama Kerubo, jirani yetu Mkatoliki, povu la sabuni likiwa mpaka viwikoni, kwa sababu yeye hufua Jumamosi.

"Mnisamehe, Wasabato, lakini stoo ya Kwamboka inatoa moshi!"

"Nyasae one!" dada yangu akapiga kelele, Mungu wangu, akatoka mbio na viatu mkononi, sisi nyuma yake, kanisa lote, tukiteremka bondeni kwa suti na magauni meupe.

Haukuwa moshi. Ulikuwa mvuke, unapenya kwenye mabati kama chungu kinachochemka. Nikatia mkono katikati ya marobota nikautoa haraka, pameniunguza. Hapakuwa na kaa wala cheche. Nyasi nilizozikata mwenyewe, nilizodhani zimekufa, zilikuwa zinapumua gizani na kujipika zenyewe, na upande wa pili wa ukuta ng'ombe walikuwa wanalia. Nilisahau hata aibu kwa mshangao.

"Joto likizidi zitawaka!" Kwamboka akasema. "Ng'ombe wangu jamani!"

Watu wote wakamgeukia mzee wa kanisa. Alitazama jua, akatazama zizi.

"Ng'ombe hawajui leo ni siku gani," akasema. "Vueni makoti."

"Leo Wasabato mtafanya kazi!" Mama Kerubo akacheka, naye akiwa wa kwanza kubeba robota.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kanisa zima limetawanyika kwenye mteremko, mashemasi wanakata kamba, akina mama wanatandaza nyasi kwa mikono, na kutoka kila fungu ukungu unapanda, unapita kati ya zile nguo nyeupe, bonde lote linanuka kama tumbaku na sukari iliyoungua. Nimezunguka Kenya hii nikitafuta vya kushangaza, kumbe viko kwetu.

Jua lilituhurumia mpaka jioni. Nyasi za katikati ya marobota zilikuwa nyeusi, zikatupwa kwenye migomba. Za kahawia ng'ombe walizila kwa pupa, na hakuna aliyeuzwa.

Siku hizi sifyeki nyasi ila Jumapili asubuhi, nipate siku zote za wiki mbele yangu. Mama Kerubo akipita kwenda misa husimama kwenye ua.

"Msabato, zikikauka utatuita?"

"Nitakuita uzipinde wewe," namjibu, na sitanii.