Solusheni Iliyotobolewa Mkiani

Watu wa kwetu hawanunui solusheni kabla ya kuinusa. Nasema ile gundi ya kuzibia pancha ya baiskeli, inayokuja kwenye kichupa laini kama cha dawa ya meno, ila chenyewe kidogo kuliko kidole gumba. Mtu anaishika dukani, anachomoa pini kwenye mtandio wake au anatoa mwiba aliokuja nao, anatoboa mkiani pale kwenye mkunjo, kisha ananusa. Ikimchoma pua, ndiyo kali. Halafu, na hapa ndipo mkono unaponiwasha nimzabe mtu kofi, anairudisha na kuchukua nyingine. Eti ile imeshaingia hewa. Mdomo unabaki umefungwa kama ulivyotoka kiwandani, mwenye duka haoni kitu, na hasara anaachiwa atakayekuja nyuma.

Nyuma nilikuja mimi.

Duka lenyewe ni la spea, pale Kibiti. Muuzaji, mtu wa bara mwenye heshima zake, aliniwekea mezani aina mbili za vifaa vya pancha.

“Kuna hivi viraka vya kubandika, mama. Hupaki gundi. Unabandua karatasi, unagandisha, unaondoka.”

“Na jua la huku?”

“Jua siwezi kukuapia.”

Vya kubandika nilikuwa navijua. Viliwahi kunibanduka njiani, mpira wa ndani ukiwa umepata moto, nikasukuma baiskeli yenye gunia la korosho mpaka nikasahau ustaarabu wangu. Nikachagua kisanduku chenye viraka vya kawaida, kipande cha msasa na solusheni. Sikuchagua ovyo. Nilifungua kifuniko nikatazama mdomo, haukuguswa. Nikakibonyeza kichupa, kikabonyea vizuri. Mkiani sikutazama. Nani anatazama mkiani?

Kisanduku kikakaa kwenye mfuko chini ya tandiko, kikipigwa na jua kila niendako, mpaka asubuhi niliyopigiwa simu kwamba mama mdogo amefariki usiku.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, kijijini kwao upande wa Ruaruke. Ndiye pia aliyenifundisha kuosha maiti, maana kazi hiyo ndiyo aliyojulikana nayo, na tangu nikiwa mwari alikuwa akiniambia, “Mimi utaniosha wewe. Nimeosha watu wa kutosha, najua mikono ya pupa ilivyo. Usije ukaniachia jirani.” Nilimwitikia kila mara. Kwenye simu wakasema atazikwa baada ya swala ya adhuhuri, nami nikasema nakuja, nisubirini kwenye kuosha. Pikipiki zote za mtaani kwetu zilikuwa zimekwenda mnadani. Nikapanda baiskeli.

Pancha nilipata nikiwa nimeshavuka zaidi ya nusu ya safari. Mwiba wa mgunga, mrefu, umezama wote. Sikubabaika. Niligeuza baiskeli miguu juu, nikafungua tairi kwa mpini wa kijiko, nikauchovya mpira kwenye dimbwi nikaona povu linapotokea, nikafuta, nikapiga msasa mpaka pakakwaruzika sawasawa. Nikatoa solusheni. Nikaitoboa mdomo, nikabonya.

Haikutoka kitu. Nikabonya kwa meno. Nikakipasua kichupa kwa kisu, na ndani nikakuta ngozi kavu ya manjano. Nilipokigeuza ndipo nikaona mkiani kitundu kimoja cha pini, kidogo, kimetobolewa kwa ustadi kabisa.

Nilitukana. Nilimtukana aliyetoboa, nikamtukana na pua yake, nikawatukana wote wanaonusa mali ya dukani kama wanaonja mchuzi jikoni kwao. Alitaka kitu kizima kwa ajili yake tu, mwingine na apate alichokwisha kuharibu. Nililia pia, lakini kwa hasira. Msiba wenyewe ulikuwa bado haujapata nafasi.

Pikipiki moja ilipita, imebeba watu wawili na gunia. Haikusimama. Nikasukuma baiskeli, tairi likipiga makofi barabarani, jua likapanda likawa utosini, na simu nikipiga haishiki.

Nilikutana nao kwenye njia ya makaburini. Kwetu wanawake hatuendi kaburini, kwa hiyo nilisogea pembeni, nikasimama na baiskeli yangu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza haraka haraka. Lilinipita karibu mno, nikasikia harufu ya kafuri aliyopakwa.

Mjomba alibaki nyuma kidogo, akanijia.

“Tumekungoja mwanangu, tumekungoja sana. Shehe kasema maiti hacheleweshwi.”

“Nani kamwosha?”

Aliitazama baiskeli, akanitazama mikono.

“Jirani,” akasema, akaharakisha kulifuata jeneza.