Mzimu, Pita, Ugali Wetu ni Mdogo

Jumanne moja mwezi wa tatu, saa sita mchana, mzimu kwenye muvi ya Kikorea ulifukuzwa kwa maneno ya jikoni kwangu.

Sitanii.

Nilikuwa kwenye kibanda cha Sostenes hapa Nduguti, yule anayetujazia muvi kwenye flashi. Sikufuata muvi. Nilikwenda kubandika karatasi yenye picha ya binti yangu Damari kwenye ukuta wake kwa mara ya tatu, maana mbili za kwanza zilinyeshewa.

Runinga yake ilikuwa inaonyesha muvi iliyotafsiriwa. Mzimu unapita koridoni hospitalini, dada mmoja kajibanza nyuma ya mlango. DJ anayesimulia, mwenye sauti nzito ya kiume, akanyamaza. Ikaingia sauti ya kike, nyembamba, ya kunong'ona:

"Mzimu, pita, ugali wetu ni mdogo."

Gundi ikanidondoka.

Maneno hayo hayapo Korea. Hayapo hata kwa jirani. Niliyatunga mimi, Damari akiwa na miaka mitano, alipokuwa anaogopa kwenda chooni baada ya kutazama na mimi muvi za kutisha. Nilimwambia mzimu ni mgeni kama wageni wengine, ukimwambia chakula hakitoshi ataenda nyumba ya pili.

Baba yake alishafariki. Watu wawili tu duniani tuliyajua maneno hayo. Mmoja mimi. Mwingine alikuwa hajulikani aliko kwa siku mia moja na tisa.

Sasa mnijue, ili tuelewane mbele.

Naitwa Rahabu. Nina diploma ya kilimo, ni bibi shamba wa kata. Kazi yangu ni kumwambia mkulima ukweli: alizeti umeibananisha, punguza. Simbembelezi mtu. Alizeti haibembelezwi.

Na muvi nazipenda kuliko sikukuu. Nina kundi la WhatsApp lenye watu mia nne na kumi na mbili. Kila muvi mpya ikitoka naandika maoni yangu, na huko nako simbembelezi mtu.

Kwa mfano, hizi za Kimarekani za mizimu zinazotoka siku hizi zimeharibika. Kila dakika mbili mlango unabamizwa, muziki unapiga kelele, unaruka kama kuku, halafu ni paka. Kushtuka si kuogopa, jamani.

Wakorea ndio wanajua. Wanakuonyesha familia inakula nusu saa nzima, unawazoea, unawapenda, ndipo wanaanza kuchukuliwa mmoja mmoja.

Za Kinigeria nazipenda zile za zamani. Mchawi alikuwa mchawi. Wa siku hizi ana jumba na kope za bandia, sijui nimwogope au nimuulize anasukia wapi.

Zetu za Bongo? Tunaongea mno. Mtu kaona jini sebuleni, badala ya kukimbia anaanza, "Kwa nini unanifanyia hivi?" Mama, kimbia!

Zilizotafsiriwa ndizo nilizidharau kabisa. Nilisema anayepiga domo juu ya kazi ya mwenzake ni mgeni anayetia chumvi kwenye sufuria ya wenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba Damari aliniwekea moja, ya DJ mpya aliyejiita DJ Mfupa. Alikaa pembeni yangu, hakugusa hata karanga. Ilipoisha akauliza, "Mama, unaionaje?"

"Utasoma kwenye kundi," nikamjibu. Nikaandika palepale:

"DJ Mfupa ana sauti ya mbuzi aliyevaa koti la baba yake. Anaongea pa kunyamaza, ananyamaza pa kuongea. Kama ana mama, mama yake amfiche, asitutie aibu mkoa mzima."

Watu walicheka wiki nzima. Niliona nimeua.

Wiki mbili baadaye tuligombana kuhusu chuo. Alikuwa amepata nafasi ya ualimu na hataki kwenda kuripoti. Ana miaka ishirini, kamaliza kidato cha sita, anashinda chumbani na simu. Nikamwambia, "Hapa hatufugi mtu." Asubuhi nikakuta kitanda kimetandikwa na karatasi juu ya mto: Mama, niko salama. Usinitafute.

Simu imezimwa.

Nilimtafuta. Nilikwenda Ikungi kwa mdogo wangu Belinda, hayupo. Nilikwenda Mgori kwa ndugu wa baba yake, hayupo. Nilimpigia Scola wa Itigi, aliyesoma naye bweni. Akaniapia kwa marehemu bibi yake kwamba hajamwona. Polisi wakaandika maelezo, lakini wakaniambia ni mtu mzima na ameacha barua. Kanisani wakanifungia maombi. Shangazi mmoja akanivuta pembeni, "Kuna mtaalamu, usimwambie mchungaji." Nilikwenda. Ndiyo, mimi mwenye diploma. Akaniambia binti yuko karibu na maji. Nimekagua mabwawa matatu, aisee.

Nilikuwa napika ugali wa watu wawili. Naupakua. Nakaa mbele yake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikapigiwa simu kutoka mochwari. Kuna msichana hajatambuliwa, umri kama huo, njoo uangalie.

Nimetazama maiti elfu moja kwenye muvi huku natafuna karanga. Siku ile nilisimama mbele ya mlango wa chuma na miguu ikakataa. Muvi zote za kutisha zinakosea hapo. Zinaharakisha kukuonyesha maiti. Maiti si kitu. Kinachotisha ni mlango kabla haujafunguliwa.

Hakuwa Damari. Alikuwa mtoto wa mtu mwingine, na mimi nikashukuru Mungu kwa sauti, mbele yake. Mpaka leo naona haya.

Tangu siku hiyo sikutazama tena muvi. Kundi likapoa.

Ndipo ile Jumanne.

"Sostenes, rudisha nyuma."

"Bibi shamba, hapa kuna mteja anaja..."

"Rudisha!"

Akarudisha. Mara sita. Mteja akaondoka na flashi yake, ananitazama kama nimerukwa.

"Nani kasimulia hii?"

"DJ Mfupa. Si yule uliyemchana mwaka jana?" Akacheka. "Jamaa hakukata tamaa, siku hizi anakuja vizuri."

"Na huyo msichana?"

"Mara nyingine anaweka sauti ya kike. Labda ana mtu wake hapo ndani."

"Anakaa wapi?"

"Sijawahi kumwona. Muvi zake zinatoka Itigi, ananitumia dada mmoja anaitwa Scola."

Scola. Yule wa marehemu bibi.

"Huyo Mfupa ana umri gani?"

"Kwa hiyo sauti? Thelathini na kitu. Ana kifua yule."

Hapo kichwani mwangu muvi nzima ikajipanga. Kuna mwanaume mwenye sauti nzito. Kamfungia mwanangu chumbani, anamlazimisha kuigiza sauti za kike. Barua ile aliandikishwa. Na mtoto, kwa akili zake, kapenyeza maneno yetu ili mama asikie.

Nimetazama muvi nyingi mno. Hilo ndilo tatizo langu.

Kesho yake nikapanda basi la kwanza. Mkobani nilikuwa na maji, chaja, kitambulisho, na mkasi wa kupogolea miti. Singida, Ikungi, Manyoni, njia nzima nilikuwa namuuliza dereva kama hawezi kukanyaga zaidi. Abiria mwenzangu akaniuliza nawahi msiba? Nikamwambia, "Bado sijajua."

Itigi nilifika saa tisa alasiri. Nyumba ya Scola haikunisumbua, iko nyuma ya reli, na kila mtu anaijua kwa sababu ya yale mablanketi yaliyoziba madirisha.

Nikasogea uani. Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mwanaume ndani, nzito:

"Leo utakufa! Unadhani nani atakuja kukuokoa?"

Ikafuata kelele ya msichana.

Kelele ile naijua. Nilikuwepo siku ilipozaliwa.

Sikubisha hodi. Niliingia na mlango, mkasi mkononi, kiatu kimoja nje. Scola alikuwa ukumbini anachambua maharage. "Shikamoo ma..." hakumalizia. Nikapita. Nikavuta blanketi lililoziba mlango wa chumba cha pili.

Chumbani palikuwa na mtu mmoja tu.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kajifunika shuka kichwani, magodoro yamesimamishwa ukutani pande zote, maiki mbele ya mdomo. Mgongo umenielekea. Mwanangu kakonda. Naye mwanangu akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanaume wa miaka thelathini na kitu:

"Hakuna wa kukuokoa!"

Akageuka.

"Shikamoo mama," akasema, kwa sauti yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mfupa! Nitamchana leo mbele yako!"

Akautazama mkasi. Akanitazama mguu usio na kiatu.

"Ulishamchana, mama," akasema. "Mfupa ni mimi."

Jamani.

Juu ya godoro, mbele ya macho yake, palikuwa na karatasi imebanwa kwa pini. Mwandiko wake. Maneno yangu. Sauti ya mbuzi aliyevaa koti la baba yake. Yote, neno kwa neno, na mstari wa mwisho ameupigia mistari miwili: Kama ana mama, mama yake amfiche.

Nikakumbuka zile karanga ambazo hakuzigusa.

"Nilitaka usikie kwanza bila kujua ni mimi," alisema. "Nilijua wewe huna uongo. Nikasema mama akiisifu, ndipo nitamwambia habari ya chuo."

"Damari..."

"Ulisema mama yake amfiche. Nikaona nikupunguzie kazi. Nikajificha mwenyewe."

Niliketi chini. Sikuketi, nilianguka, lakini tuseme niliketi.

Nikaona kuna kitu kimoja bado ninacho. "Lakini uliniita," nikamwambia. "Mzimu, pita. Nimesikia Nduguti. Uliniita."

Akatikisa kichwa. Alijaribu kuficha kwamba ananihurumia, ila mimi ni mama yake.

"Hapana, mama. Nilikuwa narekodi peke yangu, Scola katoka. Mzimu ulipofika pale mlangoni nikaogopa. Yalinitoka tu. Scola akasema tuyafute, nikasahau."

Hakuwa ameniita. Siku mia moja na tisa, na hakuwa ameniita.

Treni ya mizigo ikapita. Kumbe treni ikipita kazi inasimama, wanasubiri. Tukasubiri. Nyumba inatetemeka, Scola kasimama mlangoni na ungo wa maharage, hajui aje au aondoke.

Ilipokwisha, Damari akavuta kompyuta.

"Ile ya hospitali umeiona yote?"

"Nimeona sekunde sita."

"Basi kaa uitazame. Halafu uniambie. Usiandike. Niambie hapa, ukinitazama usoni."

Sijawahi kutazama muvi kwa hofu kama ile. Nilijua nikimdanganya atajua, na nitakuwa nimempoteza. Nikisema ukweli kwa ulimi wangu ule, nitakuwa nimempoteza vilevile. Saa moja na dakika arobaini, jasho linanitoka, na mzimu hata sikuuona.

Ikaisha. Akazungusha ndoo, akanielekea.

"Haya."

"Sauti ya yule daktari umeizidisha uzito," nikasema. "Inameza maneno."

Akaitikia kwa kichwa.

"Muuguzi anapolia, umeweka utani. Hapo umekosea. Mwache alie."

"Sawa."

"Na pale mlangoni..."

"Pale nini, mama?"

"Pale nilipanda basi. Nimesafiri kutwa nzima kwa sekunde sita za sauti yako. Hiyo ya kiume ni nzuri, umejifunza, sina ubishi. Lakini hiyo yako ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwake."

Alijifunika lile shuka usoni. Mabega yakawa yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikuvua shuka kuangalia.

Kwa ndani ikatoka sauti: "Kwa hiyo nyota ngapi?"

"Usinichokoze," nikamwambia, na mimi mwenyewe machozi yananifika kidevuni.

Najua mnataka niseme tulirudi wote. Hatukurudi. Alinisindikiza stendi asubuhi, akanibebea mkoba, akaniaga mbele ya watu. Nilipomuuliza, "Utakuja lini?" akasema, "Nitapiga simu." Chuo sikukitaja. Amepiga mara mbili tangu hapo. Mara ya pili tuliongea dakika nne.

Ile karatasi yenye maneno yangu aliibandua? Sijui. Niliogopa kugeuka kuangalia.

Kwenye kundi nilifuta kauli yangu na kuandika kwamba DJ Mfupa ni binti yangu wa kumzaa, na aliyekosea ni mimi. Watu thelathini wakaweka mikono ya kusali. Wengine wakacheka, wakidhani ni utani mwingine wa Rahabu.

Halafu Jumapili iliyopita, nimetoka kanisani, simu ikatoa mlio. Namba ngeni, mtu wa Kiomboi, mkulima niliyewahi kumpa ushauri wa vitunguu. Kanitumia maandishi yenye alama ya kusambazwa mara nyingi. Chini yake kaweka nyuso za kucheka: "Bibi shamba, hii umeiona? Utavunjika mbavu."

Sauti ya mbuzi aliyevaa koti la baba yake.

Nimewafundisha wakulima miaka kumi na moja kwamba mbegu ikishaondoka mkononi haina mwenyewe, itaota hata barabarani. Nikasahau kujifundisha mimi.

Muvi mbaya zipo, na ukweli useme. Usiache kusema. Ila mwite mwenye kazi, mkalishe, mtazame usoni, ndipo useme. Utashangaa maneno mangapi yatakataa kutoka.

Na siku kidole chako kikianza kuandika "kama ana mama," simama kwanza, tazama aliyekaa pembeni yako na hagusi karanga.

Huenda huyo mama ni wewe.