Maswali Kumi ya Koo

Phelista Nabwile wa Kanduyi alikuwa amepika ugali mwingi hivi kwamba lau ungerundikwa pamoja, Mlima Elgon ungeomba usogezwe kidogo. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, mchana na jioni, sahani ya mumewe, Mzee Wekoye, iliingia sebuleni imejaa ikarudi jikoni inang'aa. Kwa hiyo alipoulizwa habari za koo la mzee, hakuona cha kufikiria.

Aliyeuliza ni Mwihaki, daktari kutoka Kitale ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kumeza upya. Alikuwa na maswali kumi ya kupima koo la mtu limeharibika kiasi gani. Yalitungwa kwa Kiingereza, naye ameyageuza Kiswahili. Kila swali lilijibiwa kwa vidole: ngumi kama hakuna shida, vidole vinne kama shida imezidi. Kabla hayajafika kwa wagonjwa, alitaka kwanza yasikilizwe na watu wasiosoma, maana waliosoma huitikia hata wasichoelewa. Phelista, ambaye darasa alilijua kwa kulichungulia dirishani, alikaa mbele kabisa ya ukumbi wa kanisa akayachambua kama majani ya mrenda. Palipotajwa mkate mkavu akaamuru pawekwe ugali. Mkate, alisema, ni wa kupakulia wageni. Mwihaki alicheka, akaandika.

Kisha kila mmoja akaambiwa amjibie mtu wake wa nyumbani. Phelista akatoa ngumi. Ngumi tena. Swali la nne, la kukohoa wakati wa kula, ngumi ilikuwa hewani kabla swali halijaisha.

"Shosho," Mwihaki akamwambia bibi huyo polepole, "mara ya mwisho kumwona mzee akila ni lini?"

Mdomo uliowahi kusimulia jinsi kuku wake alivyomfukuza chui mpaka Kapsokwony ulifunguka, ukataja sahani tu. Kwao mwanamume hula sebuleni, mke hula jikoni na watoto. Ndivyo alivyokuta, ndivyo alivyoishi. Alichokijua kwa hakika ni sahani. Mtu mwenyewe hajawahi kumwona akimeza.

Aliondoka bila kungoja soda. Akapika, akapeleka chakula sebuleni, na badala ya kurudi jikoni akavuta kiti, akakaa mkabala na mumewe. Mbwa wao, ambaye siku hizi alikuwa amenona kama ndama, alikuwa tayari chini ya meza.

"Mama Kizito, jikoni kumeungua?" mzee akamwuliza.

"Kula tu, Baba Kizito."

Mzee akamega tonge dogo kama la mtoto. Akatafuna mpaka mboga ya sukuma wiki ikapoa. Akanyoosha shingo, akafumba macho, akasukuma kwa maji, na maji yakatokea puani. Alipomaliza kukohoa, mkono wake ulishuka na tonge la pili moja kwa moja chini ya meza, kwa mazoea, kabla hajakumbuka kuna anayemtazama.

Sasa ndipo Phelista alipouona mshipi wa mzee, umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari.

"Tangu lini?"

"Tangu tupalilie mahindi." Na mahindi yalikwisha vunwa.

"Na mimi nalala wapi, ati hukuniambia?"

"Ningekuambia, kanisa zima lingejua kabla chai haijachemka. Na koo langu ungelifanya limezibwa na mamba."

Phelista alijua angelifanya limezibwa na mamba wawili.

Alikaa hapo hapo, akamwuliza maswali yote kumi, moja baada ya jingine, maana kilichoingia sikioni mwake hakikuwahi kutoka. Wekoye alijibu kwa vidole, akitazama ukuta. Vitatu. Vinne. Vitatu. Alipofika kwenye lile la kama raha ya kula imemwondokea, mzee alinyoosha vinne, akavishikilia hewani hata baada ya mkewe kuhesabu. Phelista akaushika mkono wake, akaushusha mezani.

Vilikuwa vidole thelathini na kimoja kati ya arobaini. Alimpigia Mwihaki simu, akamtajia hesabu bila kuongeza hata kimoja. Daktari akasema mzee afikishwe Kitale kesho asubuhi na mapema, apimwe koo kwa kamera, na asile kitu kabla ya hapo.

Phelista akamjibu kwamba hapo kwa kutokula, mzee hatawasumbua.